Nondo wa Usiku: Adui na Rafiki wa Mkulima

Jua likiisha kutua na taa kuwashwa barazani, nondo huanza kufika mmoja mmoja. Wengine ni wadogo kama punje ya mpunga, na wengine ni wanene kama kidole gumba. Mara nyingi mwenye nyumba hushika ufagio akawaua wote, kwa kuwa amesikia kwamba nondo ndio wazazi wa viwavi wanaokula mahindi. Neno hilo ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli.

Maadui wapo, wala haifai kuwadharau. Viwavijeshi waliotoka Amerika walionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka 2017 walikuwa wamekwisha kuingia katika mashamba ya Kenya. Nondo wao ni mdogo, wa rangi ya kijivu, na dume ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Jike hutaga mayai kwa mafungu juu ya majani ya mahindi, akayafunika kwa vinyoya laini. Mkulima amjuaye nondo huyu, akimwona penye taa yake, atakwenda kukagua mahindi kesho yake asubuhi, kabla viwavi hawajaingia ndani ya moyo wa mmea.

Lakini na autazame pia mpapai ulio nyuma ya jiko. Mipapai mingi ya kienyeji ni ya namna mbili, dume na jike, na ule wa kike hauzai vema usipopata ungaunga wa maua ya dume. Ni nani auchukuaye ungaunga huo? Wataalamu waliochunguza mipapai katika mashamba ya Kenya walieleza mwaka 2009 kwamba kazi hiyo hufanywa hasa na nondo wakubwa wenye mbio, ambao huelea hewani mbele ya ua na kunyonya kwa ulimi mrefu. Kadhalika waliona kwamba vichaka vya asili vilivyo karibu na shamba huwasaidia nondo hao. Basi mtu afyekaye kila kichaka na kuua kila nondo huenda akajipunguzia mapapai yake mwenyewe.

Tena mmoja wa jamaa hiyo hujulikana tangu utoto wake. Kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu, naye ana pembe mkiani. Akiisha kushiba huingia udongoni, na huko hugeuka kuwa kitu cha hudhurungi chenye mkono kama wa jagi. Mkono huo ni ala ya ulimi wake, ambao baadaye utakuwa mrefu kuliko mwili. Methali husema samaki mmoja akioza wote wameoza, lakini kwa nondo haifai kuhukumu hivyo.

Kuwachunguza hakuhitaji fedha. Katika usiku usio na mbalamwezi, mtu atundike shuka nyeupe ukutani, aweke taa mbele yake, kisha angoje tangu saa moja hadi saa nne. Atazame namna mabawa yanavyokunjwa, na vipapasio vya kichwani: vya kipepeo huwa na kifundo nchani, bali vya nondo wengi ni kama uzi au kama kitana. Watoto waandike daftarini tarehe, hali ya mvua na idadi ya kila namna. Baada ya misimu miwili, daftari hilo litawaonyesha ni nondo gani watanguliao mvua na ni gani wafuatao. Wakimaliza, wazime taa ili wageni hao waende zao.

Na jioni moja, giza liingiapo, wakae kimya karibu na mpapai dume uliochanua. Huenda wakamwona mfanyakazi wa shamba asiyedai mshahara.