Je, Wajua? Nanga Kichwani mwa Msemaji
Wasemaji wa Roma ya kale, waliozoea kuhutubia bila kushika maandishi, walipanga hotuba kwa mbinu ya mahali, yaani kuzitawanya hoja, kila moja ikiwa na picha ya kuikumbusha, katika nyumba waliyoijua vyema, ya kwanza barazani, ya pili ukumbini, na kuendelea, kisha kuipitia nyumba hiyo akilini wakati wa kusema. Quintilian, mwalimu wa balagha (taaluma ya usemaji wenye mvuto) wa karne ya 1, anataja nanga kuwa alama ya habari za bahari, na silaha kuwa ya vita. Hata hivyo, yeye mwenyewe aliitilia shaka mbinu hiyo, na kwa haki, kwani viunganishi, ambavyo ndivyo hushikamanisha hotuba, havina picha.