MUULIZE MTEJA ANAUTAKA MZIGO LINI, KABLA HUJAPOKEA HELA

Leo nina stori ya pweza, lakini ndani yake kuna biashara, nivumilieni kidogo.

Februari moja nilivuka kwenda Unguja na shoga yangu kwa ajili ya Sauti za Busara. Kwa ambao hamlijui, ni tamasha la muziki lililoanza 2004 pale Mji Mkongwe, na jukwaa kubwa tulilolifuata lilikuwa ndani ya Ngome Kongwe. Ukitoka Ngomeni ukavuka barabara tu, uko bustani ya Forodhani. Jua likianza kuzama wauzaji wanapanga meza: pweza, ngisi, kamba, nguru, kamba kochi, chapati, urojo, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Bendi tuliyoifuata ilikuwa inapanda saa mbili na nusu usiku. Sisi tumefika Forodhani saa moja na nusu, njaa inauma.

Shoga yangu anauza magauni mtandaoni, yuko Dar. Jioni ile hakuwa na raha kabisa. Wiki iliyopita alimtumia mteja wa Mwanza gauni la 85,000. Mteja alilitaka la kicheni pati ya Jumamosi mchana, mzigo ukafika Jumamosi usiku. Sasa dada wa watu anataka hela yake, tena ameshaanza kuandika kwenye komenti za posti zake, kila mtu anasoma. Shoga yangu anasema, "Hakuniambia ni la shughuli! Mimi ningejuaje?" Na mimi nikamuunga mkono. Kweli, hakuambiwa.

Meza ya kwanza tuliyosimama ilikuwa imepangwa vizuri mno, taa zinawaka juu ya kamba kochi mkubwa. Tukauliza bei. "Chagueni kwanza dada zangu, tutaelewana." Tukauliza tena, jibu lile lile, huku anatujazia sahani. Tukaomba radhi tukaondoka. (Wewe unayeandika "bei njoo inboksi", hapa sikusemi, lakini umejisikia mwenyewe.)

Meza ya pili alikuwepo baba mmoja mtu mzima. Tulimwamkia, akaitikia, halafu kabla hajataja chakula chochote akauliza, "Mnaingia Ngomeni nyinyi? Saa ngapi mnataka muwe ndani?" Tukamwambia. Shoga yangu akaonyesha kamba kochi. Yule baba akatikisa kichwa. "Huyo mwacheni leo. Bado mbichi, mpaka aive vizuri mtakuwa mshachelewa. Pweza keshachemshwa tangu alasiri, hapa anapashwa tu kwenye makaa. Ngisi naye hakai motoni, akizidi anakuwa mpira." Akatutajia bei ya kila mshikaki na ya chapati. Tukala watu wawili kwa 24,000, tukashiba, na saa mbili na robo tulikuwa tunanawa mikono.

Angalia alichofanya. Kamba kochi ndiye kitu cha bei kubwa kuliko vyote mezani kwake, na wateja walikuwa wameshamchagua wenyewe. Angeweza kunyamaza akamtia motoni. Sisi tungekaa pale tunaangalia saa, tungekula nusu mbichi au tungekosa bendi, na lawama zote zingekuwa zake, japo wakosaji ni sisi ambao hatukusema tuna haraka. Mteja hasemi. Yeye anafikiria shughuli yake, hajui basi linachukua muda gani, hajui wewe unafunga mzigo siku gani. Anayejua mambo ya safari ya mzigo ni wewe, kwa hiyo swali ni lako.

Nilipomwambia shoga yangu hivyo alininunia kidogo. Halafu akanyamaza, akaanza kuhesabu vidole.

Hesabu yenyewe inaanzia siku ya shughuli na kurudi nyuma. Shughuli Jumamosi mchana. Gauni linatakiwa limfikie Alhamisi, maana lazima alijaribu, na kama kiuno kimezidi fundi apate siku moja. Dar mpaka Mwanza usihesabu saa za basi peke yake, hesabu na muda wa mzigo kulala ofisini mpaka mtu aufuate. Mimi naweka siku mbili. Kwa hiyo utoke Dar Jumanne, na hela iwe imeingia Jumatatu ili upate muda wa kukagua zipu, kupiga pasi na kufunga. Mteja akija Alhamisi anasema shughuli ni Jumamosi, mwambie ukweli kwamba hili halitawahi. Kama kuna kitu kilicho jirani naye au unamjua muuzaji wa huko, mwelekeze. Utapoteza 85,000 ya siku hiyo, najua inauma, hasa kodi ya fremu ikiwa imekaribia.

Meseji yenyewe ni fupi tu: "Asante dada, lipo. Uko mkoa gani, na unalihitaji lini?" Iweke tayari kwenye simu, itume kabla ya namba ya kulipia. Namba ya kulipia ije mwisho.

Jambo jingine la yule baba, nilipitie haraka. Tulimuuliza mbona pweza wake ni wengi hivi, akasema kulikuwa na maji ya bamvua. Maji yakitoka sana watu wanatembea juu ya miamba na kumpata kwa urahisi, yasipotoka anakuwa adimu na bei inapanda. Kasema kwa sentensi mbili, tukaelewa. Bei yako ikipanda na wewe ieleze hivyo hivyo.

Tukiwa kwenye foleni ya getini shoga yangu alimpigia yule mteja. Hakubishana. Alimwomba radhi, akamwambia alirudishe gauni kwa basi, nauli juu yake. Lilipofika akamrudishia 85,000 yote. Aliumia, sitaki kuwadanganya, faida ya wiki nzima iliondoka hapo.

Kesho yake tulirudi kwa yule baba mapema, hatuna haraka, tukamla kamba kochi. Na mwezi wa nne yule dada wa Mwanza alimwandikia tena shoga yangu akitaka gauni la kitenge. Meseji yake ilianza hivi: "Nalihitaji tarehe 12. Litawahi?"