Lidice: Kijiji Kilichokataa Kufutwa

Msikilizaji mpenzi, kwa miaka mingi kazi yangu studioni imekuwa ni kusoma taarifa ya habari. Mara kwa mara humo huwamo jina la kijiji kilichoteketezwa vitani. Hulitamka mara moja, nikageuza ukurasa, nikaendelea na hali ya hewa. Leo naomba tukae na kijiji kimoja tu.

Kijiji hicho chaitwa Lidice. Kipo katika Jamhuri ya Czech, kiasi cha kilomita 20 kaskazini-magharibi ya Prague. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilikuwa na watu wapatao 500, wengi wao wachimba migodi na wafanyakazi wa viwanda vya mji jirani wa Kladno. Kilikuwa na shule, bwawa na kanisa la Mtakatifu Martin.

Mei 27, 1942, wanajeshi wawili, Jozef Gabčík na Jan Kubiš, walioletwa kwa ndege kutoka Uingereza na kushuka kwa miavuli, walimshambulia mjini Prague Reinhard Heydrich, mkubwa wa Wajerumani walioikalia nchi hiyo. Alifariki Juni 4. Hitler akataka kisasi. Polisi wake walikuwa na barua ya mapenzi waliyoitilia shaka, na habari kwamba vijana wawili wa Lidice walikuwa na jeshi huko Uingereza. Ushahidi kwamba kijiji kilihusika haukupatikana.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini nyasi hukanyagwa bila kukusudiwa. Lidice ilikusudiwa.

Juni 10, wanaume 173 walipigwa risasi penye shamba la familia ya Horák. Wanawake walipelekwa kambi ya mateso ya Ravensbrück. Watoto walinyang'anywa mama zao, na 82 kati yao wakauawa kwa gesi huko Chełmno, Poland. Kwa jumla walikufa watu 340.

Kuua hakukutosha. Nyumba zilichomwa na kulipuliwa, kanisa likabomolewa, makaburi yakafukuliwa, bwawa likafukiwa, hata kijito kikageuzwa njia. Wauaji waliipiga filamu kazi yao, na baadaye filamu hiyo ikawa ushahidi mahakamani Nuremberg. Tena walijitangaza wenyewe redioni, ili watu waingiwe na hofu.

Hapo ndipo walipokosea. Waliotaka jina lisahauliwe ndio waliolisambaza. Mwaka huohuo wa 1942, kitongoji kimoja cha Illinois, Marekani, kilijiita Lidice. Mexico nako jina likachukuliwa. Katika mji wa Stoke-on-Trent, Uingereza, daktari Barnett Stross na wachimba migodi walianza kuchanga fedha za kukijenga upya. Wachimba migodi waliwachangia wachimba migodi wenzao wasiowajua hata kwa sura.

Vita vilipokwisha walirudi wanawake 143, na watoto 17 wakapatikana. Jiwe la msingi la kijiji kipya liliwekwa mwaka 1947, mita 300 hivi kutoka kile cha zamani.

Anayezuru leo hukuta bonde la majani. Ataona misingi ya kanisa na ya nyumba ya Horák, kaburi la pamoja la wanaume, na bustani ya waridi iliyofunguliwa mwaka 1955. Kisha atakutana na watoto 82 wa shaba, wasichana 42 na wavulana 40, wamesimama pamoja. Mchongaji Marie Uchytilová aliianza kazi hiyo mwaka 1969, akafariki mwaka 1989 kabla haijakamilika. Mumewe aliiendeleza, na sanamu za mwisho zikawekwa mwaka 2000.

Nimejifunza nini? Kwamba kijiji hufa mara ya pili pale majirani wa mbali wanapoacha kulitaja jina lake. Nami ni mmoja wa wanaolipwa kuyataja majina hayo. Kesho nikikuta jina la kijiji katika taarifa, nitalisoma taratibu, na kwa usahihi. Nawe, msikilizaji, usikimbilie kuzima redio.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.