Shahada ya Afya ya Umma: Thibitisha Kozi Kabla ya Kuichagua

Mwanafunzi wa Rhamu aliyepata alama ya C+ au zaidi katika KCSE, na kutimiza masharti ya masomo yanayohitajika, anaweza kuomba nafasi ya kusomea afya ya umma kupitia KUCCPS. Wazazi wengi huuliza: je, kozi hii ni ya udaktari?

Si udaktari. Daktari hutibu aliyeugua. Afisa wa afya ya umma huzuia jamii isiugue. Mwaka wa 2016, kipindupindu na chikungunya viliikumba Mandera wakati mmoja. Kipindupindu huenezwa na maji au chakula chenye uchafu wa kinyesi. Chikungunya huenezwa na mbu wanaozaana hata katika mapipa ya maji nyumbani. Dawa pekee hazizimi milipuko kama hiyo. Lazima mtu atafute chanzo, asimamie utiaji wa klorini kwenye maji, akague vyoo na hoteli, na azungumze na wazee na familia kwa lugha yao. Rhamu iko kando ya Mto Daua, karibu na mpaka wa Ethiopia. Afisa anayejua Kisomali na mazingira ya hapa huanza kazi akiwa mbele.

Kinachosomwa

Kozi kwa kawaida huchukua miaka minne. Mwanafunzi hujifunza jinsi magonjwa yanavyoenea, takwimu, usafi wa maji na mazingira, lishe, usalama wa chakula na sheria za afya, kisha hufanya mafunzo ya nyanjani. Vyuo vikuu vya Moi, Kenyatta, Maseno na JKUAT ni miongoni mwa vinavyofundisha fani hii.

Jambo la kuthibitisha

Afya ya umma, afya ya mazingira na afya ya jamii ni majina yanayokaribiana, lakini kozi hizi si sawa. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2013, afisa wa afya ya umma lazima asajiliwe na Baraza la Maafisa na Mafundi wa Afya ya Umma. Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, uliza Baraza kama kozi hiyo, katika chuo hicho, inatambuliwa. Ukigundua baada ya kuhitimu, miaka minne na karo vimeshakwenda.

Asiyefikisha C+ aulizie diploma katika KMTC. Kuhusu karo, ulizia mkopo wa HELB na basari mapema.