Uingereza: hoteli zatafuta wafanyakazi, vyama vya siasa vyaogopa wapiga kura

Mwaka 2017, miezi michache kisha Waingereza kupiga kura ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, mkubwa wa wafanyakazi wa Pret A Manger, kampuni inayouza mikate na kahawa katika miji mingi ya Uingereza, alisikilizwa na kamati ya bunge mjini London. Alieleza kwamba kati ya watu 50 wanaokuja kuomba kazi kwao, Mwingereza ni mmoja tu.

Jibu hilo linaeleza sehemu kubwa ya shida ambayo hoteli, baa na restora za Uingereza zimekuwa nayo tangu wakati ule. Wananchi walitaka wageni wapungue. Lakini kazi waliyokuwa wanafanya wageni hao ilibaki pale pale.

Kura ilipigwa tarehe 23 mwezi wa sita 2016, na asilimia 51.9 walichagua kutoka. Mbele ya hapo, kijana wa Poland, Uhispania ao Romania alikata tikiti ya ndege bila kuomba viza, na kisha siku chache alikuwa tayari anabeba sahani katika restora ya London. Uhuru huo ulikwisha tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2020.

Mlango ulifungwa wakati wa Corona

Mwezi wa tatu 2020, ugonjwa wa Corona ulifunga hoteli na baa. Wafanyakazi wengi wa Ulaya walirudi kwao. Wale waliokuwa wanaishi Uingereza tayari walipewa nafasi ya kuomba kubaki hadi tarehe 30 mwezi wa sita 2021, na maombi yalipita milioni 5. Lakini wapya hawakuwa tena na njia rahisi.

Sheria mpya ilisema kwamba, kwa kawaida, mgeni lazima apate mwajiri aliyeruhusiwa na serikali, ajue Kiingereza, na alipwe angalau paundi 25,600 kwa mwaka. Mpishi mwenye ujuzi alikubaliwa. Mhudumu wa meza, mwosha vyombo na mtandika vitanda hawakuwa katika orodha.

Mwaka 2022, nafasi za kazi zilizokosa watu katika hoteli na restora zilipita 170,000, kwa mjibu wa takwimu za serikali. Restora zingine zilipunguza siku za kufungua. Hoteli zingine ziliacha vyumba vitupu kwa kukosa wa kuvisafisha.

Hata waliounga mkono kutoka Ulaya waliona shida. Tim Martin, mwenyekiti wa kampuni ya baa ya Wetherspoon, alikuwa kati ya wafanyabiashara waliofanya kampeni kwa nguvu ili inchi itoke. Mwaka 2021 aliomba serikali itoe viza kwa urahisi zaidi, hasa kwa watu wa inchi za karibu. Na jimbo la Cornwall, ambalo linaishi sana kwa watalii wanaokuja baharini, lilikuwa limechagua kutoka kwa zaidi ya asilimia 56.

Kila chama na hesabu yake

Boris Johnson, waziri mkuu wa chama cha Conservative, aliwaambia wanachama wake mjini Manchester mwezi wa 10 mwaka 2021 kwamba inchi haitarudi kutegemea wageni wa mshahara mdogo. Waajiri walipe vizuri, wawafundishe Waingereza. Wazo hilo lina ukweli ndani yake. Kazi ya jikoni ni ya masaa marefu, usiku na mwisho wa juma, na kwa miaka mingi malipo yalikuwa madogo. Mishahara ilipanda kweli. Lakini mteja naye alianza kulipa zaidi kwa sahani ile ile.

Wakati huo huo, wageni hawakupungua. Wauguzi, walezi wa wazee na wanafunzi kutoka inchi za mbali walichukua nafasi ya Wazungu wa Ulaya. Katika mwaka mmoja uliokwisha katikati ya 2023, walioingia waliwapita waliotoka kwa zaidi ya 900,000. Wapiga kura walikasirika, na serikali ya Rishi Sunak ikapandisha mshahara unaohitajika hadi paundi 38,700 mwezi wa nne 2024. Ni restora chache zinazoweza kumlipa mpishi pesa hizo.

Chama cha Labour kilishinda uchaguzi mwezi wa saba 2024, lakini kwa upande huu njia haikubadilika. Mwezi wa tano 2025, chama cha Reform UK cha Nigel Farage kilipata viti 677 katika uchaguzi wa mitaa. Siku chache kisha, waziri mkuu Keir Starmer alitangaza masharti makali zaidi. Tangu tarehe 22 mwezi wa saba 2025, mpishi naye ametolewa katika orodha, na mshahara unaohitajika ni paundi 41,700.

Leo nafasi zisizo na watu zimeshuka chini ya 100,000. Wenye hoteli hawafurahii: wanasema wengi wao wameacha kuajiri kwa sababu serikali ilipandisha mchango wa mwajiri hadi asilimia 15 mwezi wa nne 2025.

Kumebaki mlango mmoja mdogo. Umoja wa Ulaya uliomba mwaka 2024 kwamba vijana wa pande mbili waweze kuishi na kufanya kazi kwa muda. Conservative na Labour walikataa. Liberal Democrats, wenye wabunge 72 tangu uchaguzi wa 2024, wanauunga mkono wazi. Mwezi wa tano 2025 Labour ilikubali kuzungumza juu yake, huku ikirudia kwamba huo si uhuru wa zamani.

Na kijana wa Goma ao Bukavu?

Kwake, jambo hili si la mbali. Kusikia kwamba hoteli za London zinakosa watu kunaweza kumfanya mtu aamini kwamba kazi inamngoja. Haimngoji. Hakuna viza ya kazi kwa mhudumu wa meza anayetoka RDC, na mpango wa vijana ambao Uingereza inao na inchi kama Australia, Canada na Japan hauna inchi hata moja ya Afrika. Zaidi ya hayo, mwezi wa 11 mwaka 2025 waziri wa mambo ya ndani Shabana Mahmood alitishia kuibana RDC, pamoja na Angola na Namibia, upande wa viza, akizilaumu kwa kutopokea raia wao wanaorudishwa.

Kwa hiyo, mtu akikuomba dola mia kadhaa ili akupeleke kuosha vyombo London, mwulize viza hiyo inaitwa namna gani na mwajiri ni nani. Serikali ya Uingereza inatangaza kwenye intaneti orodha ya waajiri wote wenye ruhusa ya kuleta wageni. Kuisoma ni bure.