Dhahabu Yaondoa Zebaki Kiwandani. Nasi Tuiondoe Jikoni

Dhahabu husifiwa kwa kuwa haili kutu wala haichuji. Wanakemia nao waliiona hivyo kwa miaka mingi, wakaihesabu kuwa madini baridi yasiyofaa kwa kazi ya kichocheo.

Kichocheo ni mfano wa mshenga: huzikutanisha nyumba mbili, ndoa ikafungwa, naye akarudi kwake kama alivyokuja. Mafuta ya mboga yanayogandishwa viwandani huunganishwa na gesi ya haidrojeni, na mshenga wake aghalabu ni nikeli. Mwaka 1973 Geoffrey Bond na wenzake, huko Uingereza, walionyesha kuwa hata dhahabu yaweza kuifanya kazi hiyo ya haidrojeni. Mwaka 1987 Masatake Haruta wa Japani akabainisha kuwa chembe zake ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, huondoa sumu ya gesi ile iuayo watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Kumbe siri ni udogo: bangili haifanyi lolote, lakini chembe hufanya.

Faida kubwa zaidi imo katika plastiki ya mabomba ya maji. Viwanda vinavyoitengeneza kwa gesi ya asetilini vilitumia zebaki kuwa kichocheo, nayo ni sumu. Mwaka 1985 Graham Hutchings alitabiri kuwa dhahabu ingeishinda zebaki katika kazi hiyo, na majaribio yakamthibitisha. Leo baadhi ya viwanda vya China vinatumia dhahabu.

Ajabu ni kwamba kwetu mambo yamegeuka: zebaki ndiyo inayotumiwa kuipata dhahabu. Ndugu zetu wa Butere, jirani na Mumias ambako Uislamu ulifika kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani, wamo katika Kaunti ya Kakamega, iliyojulikana kwa dhahabu tangu mwaka 1931. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini katika sehemu kama Ikolomani wachimbaji wadogo wanaendelea, wakiwamo akina mama wanaoponda mawe na kuyaosha. Zebaki hushikamana na punje za dhahabu. Kisha donge huchomwa, zebaki ikapaa kwa mvuke, dhahabu ikabaki.

Mvuke huo hudhuru ubongo na figo, na madhara yake humfikia mtoto aliye tumboni. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi zenye uchimbaji huo zikomeshe kuchoma donge hilo hadharani na katika makazi ya watu.

Fiqhi yetu inafundisha kuwa madhara huondolewa, na riziki ya halali haihalalishi kumdhuru mwana. Basi tunawausia wenye kazi hii: donge lisichomwe jikoni wala katika sufuria ya chakula. Mjamzito na watoto wakae mbali. Litumike chombo kilichofunikwa, chenye bomba la kuunasa mvuke. Na bora kuliko hayo ni kuosha kwa maji na kuyeyusha kwa boraksi, pasipo zebaki kabisa.

Ikiwa wenye viwanda wamekubali kutoa dhahabu ili waepukane na zebaki, sisi tusiwatoe watoto wetu ili tuipate dhahabu.