MOYO UNAOCHOKA KARIAKOO: WATAFITI WAMEONA NINI?

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda tuzungumze juu ya moyo. Watu wengi wakisikia maneno "ugonjwa wa moyo" humfikiria mzee mnene wa Ulaya, tajiri, anayeanguka ghafla huku ameshika kifua. Husema, "Hayo ni maradhi ya wenye pesa." Lakini wagonjwa tunaowapokea sisi wauguzi mara nyingi si hao. Ni mchukuzi anayevuta mkokoteni Mtaa wa Msimbazi. Ni mama lishe aliyeamka saa kumi usiku kuwasha jiko. Ni mwenye duka la vitenge ambaye hajawahi kulazwa maisha yake yote.

Huja wakiwa na dalili zinazofanana. Miguu imevimba. Usiku hawawezi kulala chali, wanaweka mito mitatu au wanakaa kitini mpaka asubuhi. Wakipanda ngazi za ghorofa moja tu wanahema. Wengine wamekwisha kuzunguka kwa waganga miezi kadhaa wakidhani wametupiwa kitu miguuni. Kumbe moyo umechoka, hausukumi tena damu ya kutosha. Ndiyo hali inayoitwa moyo kushindwa kazi.

Moyo huchoshwa na nini?

Swali hili limefanyiwa utafiti hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Muhimbili na Dokta Abel Makubi na wenzake. Waliwafuatilia wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, umri ambao mtu bado anasomesha watoto.

Katika kila wagonjwa 100, 45 walikuwa wameharibiwa moyo na shinikizo la damu, yaani presha. Wengine 28 walikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo yenyewe. Kiasi cha 12 milango ya moyo wao ilikuwa imeharibika kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Wenye mishipa ya moyo iliyoziba, ule ugonjwa tunaousikia sana kutoka Ulaya, walikuwa 9 tu.

Si Dar es Salaam peke yake. Mwaka 2012 ulitolewa utafiti mwingine wa wagonjwa 1,006 kutoka nchi 9 za Afrika, nao ulionyesha kuwa sababu kubwa ni presha. Wagonjwa wale walikuwa na wastani wa umri wa miaka 52, na katika muda wa miezi sita karibu 18 katika kila 100 walifariki. Basi tusiseme tena kwamba ni maradhi ya wengine.

Kwa nini presha ichoshe moyo? Mtazame mchukuzi wa sokoni. Akivuta mkokoteni kwenye barabara tambarare, anafika bila shida. Mlazimishe avute mzigo ule ule kupanda mlima, kila siku, miaka kumi bila kupumzika. Kwanza misuli yake itatuna. Baadaye itakwisha nguvu. Moyo nao hufanya hivyo. Damu ikibana katika mishipa, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Kuta zake hunenepa na kukakamaa, kisha hutanuka na kulegea. Maji hurudi nyuma, yakajaa mapafuni na miguuni.

Presha haipigi hodi

Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Mwaka 2000 watafiti walitangaza matokeo ya kupima watu wa Ilala, wilaya ambayo Kariakoo imo ndani yake, wakawalinganisha na watu wa Shari, kijiji cha Kilimanjaro. Ilala, kati ya watu wazima 100, zaidi ya 35 walikuwa na presha ya 140 juu ya 90 au zaidi. Kijijini walikuwa kama 27. Lakini jambo lililowashtua zaidi ni hili: katika wote wenye presha, hata 20 katika 100 hawakufika wanaojua kuwa wanayo. Waliokuwa wakitumia dawa walikuwa kama 10. Ambao presha yao ilikuwa imeshuka sawasawa hawakufika hata mmoja katika 100.

Huenda mtu akasema, "Basi tuwapime watu wote, mambo yatakwisha." Kupima ni kuzuri, lakini hakutoshi. Mwaka 2008 ulitolewa utafiti mwingine wa hapa Dar es Salaam. Watu 161 waliokutwa na presha ya kudumu, na ambao hawakuwa kwenye matibabu, walielezwa wazi waende kutibiwa. Baada ya mwaka mzima, karibu theluthi moja tu ndio waliokuwa wamefika kwa mganga hata mara moja. Waliokuwa bado wanameza dawa walikuwa wachache mno.

Sisi hatukushangaa. Maneno haya tunayasikia kila wiki kwenye meza ya kupimia:

"Baba, dawa unameza?"

"Nilimeza mwezi mmoja, sista. Nikajisikia vizuri, nikaacha. Nilishapona."

Wapendwa, presha haitibiwi kama malaria. Malaria unameza dozi, vimelea vinakufa, umemaliza. Dawa ya presha inashika kamba tu. Ukiiachia kamba, ndoo inarudi kisimani. Kujisikia vizuri ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, wala si ruhusa ya kuiacha.

Dawa zipi zinatufaa?

Kwa miaka mingi madaktari wa Afrika walitibu kwa kufuata matokeo yaliyopatikana kwa Wazungu. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao CREOLE, uliofanywa kwa Waafrika weusi 728 katika nchi 6, zikiwemo jirani zetu Kenya, Uganda na Msumbiji. Wagonjwa waligawanywa makundi matatu, kila kundi likapewa dawa mbili kwa pamoja. Baada ya miezi sita ilionekana kwamba mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake ulishusha presha vizuri zaidi, ukiambatana na dawa ya kukojoza maji au na dawa iitwayo perindoprili. Mchanganyiko usio na amlodipini ulibaki nyuma.

Habari hii ina faraja, kwa sababu amlodipini na dawa za kukojoza ni dawa za siku nyingi, si dawa za kuagizwa ng'ambo kwa mamilioni. Inatufundisha pia kuwa wagonjwa wengi huhitaji dawa mbili. Daktari akikuongezea ya pili, usidhani umezidiwa au kwamba anakuonea.

Hata hivyo dawa zina maudhi yake. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Dawa ya kukojoza hukupeleka chooni mara kwa mara. Tunawafahamu akina mama wanaouza sokoni ambao huiruka dawa hii kwa sababu choo ni cha kulipia na meza haina wa kuiangalia. Wanaona haya kusema, nasi tunaandika kwamba dawa "imeshindwa". Mama yangu, sema. Daktari anaweza kubadilisha saa ya kumeza au kukupa dawa nyingine. Na dada ambaye ni mjamzito au anatarajia kupata mimba amweleze daktari mapema, maana dawa za jamii ya perindoprili humdhuru mtoto tumboni.

Tahadhari nyingine: usimeze dawa ya jirani. Dawa iliyomfaa Mama Asha wa ghorofa ya pili, kwako inaweza kuumiza figo.

Koo la mtoto na moyo wa mtu mzima

Turudi kwa wale 12 katika 100 ambao milango ya moyo wao iliharibika. Ugonjwa wao ulianzia kwenye koo. Mtoto anapata maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria. Yasipotibiwa, mwili huanza kujipiga wenyewe: viungo huvimba na kuuma, na milango ya moyo hupata makovu. Nyumba za chumba kimoja ambamo watoto sita wanalala pamoja, kama zilivyo nyingi mjini kwetu, huwarahisishia bakteria hao kuhama kutoka koo hadi koo.

Mwaka 2022 habari njema zilitoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Watafiti walichukua watoto 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17, ambao kipimo cha picha ya moyo kilionyesha dalili za mwanzo, ingawa wenyewe walikuwa wanacheza kama kawaida. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Nusu hawakuchomwa. Mwishoni, waliochomwa ambao ugonjwa wao uliendelea mbele walikuwa 3 tu. Wasiochomwa walikuwa 33.

Penisilini ni dawa ya zamani mno, na bado inaokoa mioyo. Basi mtoto mwenye homa na koo linalouma hata kushindwa kumeza mate, apelekwe kituo cha afya, na akiandikiwa dawa azimalize zote. Mtoto aliyekwisha kuambiwa ana baridi yabisi ya moyo asikose tarehe ya sindano hata moja. Sindano hiyo ichomwe kituoni, si dukani, kwa kuwa wapo wachache ambao penisilini huwadhuru na huhitaji msaada wa haraka.

Maswali tunayoulizwa

Je, nimeze asprini kila siku ili nilinde moyo? Wengi hununua vidonge vya asprini kwenye maduka ya dawa na kumeza bila kuulizwa. Mwaka 1988 utafiti wa wagonjwa zaidi ya 17,000 waliodhaniwa wana shambulio la moyo ulionyesha kwamba asprini hupunguza vifo vyao kwa kiasi cha mmoja kati ya watano. Huo ni msaada mkubwa. Lakini mwaka 2018 utafiti wa wazee wazima wa afya zaidi ya 19,000 huko Australia na Marekani uliona kwamba kwao asprini ya kila siku haikuleta faida iliyotazamiwa, bali iliongeza kutokwa damu. Kwa hiyo asprini imfae mgonjwa aliyeambiwa na daktari, siyo kila mtu.

Je, maumivu ya kifua ni vidonda vya tumbo? Pengine. Lakini kule Moshi, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulipima watu wazima 681 waliofika hospitali kwa maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Waliogundulika kuwa na shambulio la moyo walikuwa 152, na zaidi ya 40 kati ya kila 100 wa hao walifariki ndani ya siku 30. Ugonjwa wa mishipa kuziba ni mdogo kuliko presha, lakini upo nasi. Kifua kikibana kama kimewekewa gunia, ukatoka jasho jembamba, maumivu yakaenda mkononi au shingoni, usingojee asubuhi.

Je, aliyekwisha kuvimba miguu ana matumaini? Anayo. Mwaka 2019 utafiti wa wagonjwa 4,744 ulionyesha kwamba dapagliflozini, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kisukari, huwasaidia hata wasio na kisukari ambao moyo wao umeshindwa kazi. Waliofariki kwa moyo au kuzidiwa walipungua kutoka 21 hadi 16 katika kila 100. Tena upasuaji wa moyo, ambao zamani ulimlazimu mgonjwa kwenda India, ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, kila mtu mzima apimwe presha walau mara moja kwa mwaka. Kaa utulie dakika tano kabla ya kupimwa, bila sigara wala kahawa nusu saa iliyotangulia. Ikiwa 140 juu ya 90 au zaidi, rudia siku nyingine. Ikibaki juu, anza matibabu.

Pili, tupunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilicho sawa na ukingo. Chipsi ikinyunyiziwa mara mbili, supu ya asubuhi ikaongezewa mezani, na mchuzi ukatiwa kiungo cha paketi chenye chumvi, kipimo hicho kimepitwa kabla ya jua kuchwa. Mama lishe anaweza kuokoa watu wengi kwa kuondoa kikopo cha chumvi mezani na kuweka ndimu na pilipili.

Tatu, anayemeza dawa asikae peke yake. Ampe mtu wa nyumbani kazi ya kumkumbusha, na siku ya kliniki meza ya biashara iwe na wa kuiangalia. Majirani wa sokoni hushikiana meza mmoja akienda msibani. Kushikiana meza ili mtu aende kliniki ni jambo jepesi zaidi, na huenda likauepusha msiba wenyewe.

Nne, anayevimba miguu, anayehema akilala au anayekohoa usiku bila mafua aje mapema. Vivyo hivyo mama aliyejifungua karibuni akianza kukosa pumzi, asiambiwe ni uchovu wa kunyonyesha. Apelekwe.

Wasomaji wapendwa, mkimaliza kusoma ukurasa huu mwulizeni baba, mama, bibi na babu: "Mara ya mwisho ulipimwa presha lini?" Asiyekumbuka, mpelekeni wiki hii.